Neno la mtoto mbele ya mahakama

Katika kaunti ya Arlington, jimbo la Virginia, ng'ambo ya mto Potomac kutoka Washington, kesi ya mzazi au ndugu anayedaiwa kumdhulumu kingono mtoto wa nyumbani kwake huanzia katika mahakama ya watoto na mahusiano ya kifamilia. Hakimu huangalia tu kama kuna sababu ya kutosha ya kesi kuendelea. Ikiendelea hadi mahakama inayosikiliza makosa makubwa, mshtakiwa ana haki ya kuhukumiwa na baraza la raia 12, nao ni lazima wakubaliane wote. Mara nyingi swali lililo mbele yao ni moja tu: je, mtoto huyu anasema kweli?

Ugumu wa swali hilo ni kwamba makosa haya hutendeka pasipo shahidi. Uchunguzi wa daktari, hasa uliofanywa baada ya siku nyingi, mara nyingi hauonyeshi jeraha lolote. Na mtuhumiwa huenda ndiye anayelipa kodi ya nyumba. Wahenga walinena kuwa kikulacho ki nguoni mwako. Lakini hawakusema ni nani atakayemsadiki mwenye nguo.

Katika karne ya 17, jaji wa Uingereza Matthew Hale aliandika kwamba shutuma ya ubakaji ni rahisi kutolewa, ngumu kuthibitishwa, na ngumu zaidi kwa mshtakiwa kuikanusha hata kama hana hatia. Kwa vizazi vingi onyo hilo liliongoza mahakama za Uingereza, Marekani na makoloni, na mlalamikaji akadaiwa ushahidi wa ziada.

Leo sheria imegeuka. Virginia inakubali hukumu iliyosimama juu ya ushahidi wa mwathirika peke yake, na haimkatai mtoto kwa sababu ya umri wake tu. Nchini Tanzania, sheria ya makosa ya kujamiiana ya mwaka 1998 iliruhusu jambo hilohilo, mradi mahakama iridhike kuwa mwathirika anasema kweli na iandike sababu za kuridhika kwake. Kifungu cha 124 cha Sheria ya Ushahidi ya Kenya kina sharti kama hilo.

Hapo pana tofauti kubwa. Hakimu wa Mombasa au Dodoma hueleza kwa maandishi kwa nini amemwamini mtoto, na mahakama ya rufaa huweza kuzipima sababu hizo. Raia 12 wa Arlington hawatoi sababu. Kwa hiyo uzito wote huangukia hatua za awali: mtoto aliulizwa nini, na nani, na mara ngapi.

Mwaka 1983 daktari wa magonjwa ya akili, Roland Summit, alieleza kuwa watoto wanaodhulumiwa nyumbani hutunza siri, huchelewa kusema, husema kwa kusitasita, na wakati mwingine hukana waliyoyasema. Maelezo hayo yalisaidia mahakama kuelewa kwamba kuchelewa si uongo. Hata hivyo hayathibitishi kuwa kosa limetendeka, na mahakama nyingi zimekataa yatumiwe hivyo.

Mwaka huohuo ilianza California kesi ya shule ya chekechea ya McMartin. Watoto waliulizwa maswali yenye majibu ndani yake. Kesi ilikwisha mwaka 1990 bila mtu yeyote kutiwa hatiani. Baadaye watafiti wa taasisi ya taifa ya afya ya mtoto iliyoko Bethesda, Maryland, walitunga utaratibu wa kumhoji mtoto kwa maswali ya wazi: nieleze yaliyotokea; kisha ikawaje? Jibu la namna hiyo huwa ni la mtoto mwenyewe.

Mwaka 1990 pia, Mahakama Kuu ya Marekani, katika shauri lililotoka Maryland, iliruhusu mtoto atoe ushahidi kupitia televisheni, iwapo itathibitika kuwa kumkabili mshtakiwa kutamwumiza kiasi cha kushindwa kujieleza.

Kwa familia za Waswahili walioko ugenini, kuna kizingiti kingine: lugha. Mtoto aliyelelewa kwa heshima hutaja tendo kwa mafumbo. Atasema, "alinifanyia tabia mbaya." Hakimu wa Afrika Mashariki anajua maana yake, na Mahakama ya Rufani ya Tanzania imekubali kuwa malezi na mila humzuia shahidi kutaja mambo waziwazi. Lakini mkalimani akitafsiri neno kwa neno, raia 12 watasikia habari za utovu wa adabu tu.

Kumsikiliza mtoto si kumnyima mshtakiwa haki yake. Mwaka 2019 Mahakama hiyohiyo ya Rufani ilisema maneno ya mwathirika yasichukuliwe kama maandiko matakatifu, bali yapimwe ukweli wake.

Upimaji huo huanza kabla ya mahakama, kwa mtu mzima wa kwanza kuambiwa, awe shangazi, mwalimu au jirani. Asimhoji mtoto mara kwa mara, wala asimtilie maneno kinywani. Amsikilize, ayaandike maneno yaleyale, aiweke tarehe, na apeleke habari kwa wenye mamlaka siku hiyohiyo. Kikao cha ukoo cha kulinda sitara ya nyumba humfundisha mtoto kunyamaza, na ukimya huo ndio utakaotajwa kesho mahakamani kuwa dalili ya uongo.