TULIVYOKWENDA MASAKA
(Maneno tuliyoyasema kwenye mkutano wa wanachama)



Tumetakiwa tueleze safari yetu ya Uganda. Tulikuwa watu watano. Tuliondoka Jumamosi alfajiri, tukarudi Jumapili usiku. Nauli na mafuta tulichanga wenyewe, senti ya ushirika haikuguswa. Tunalisema hilo mapema maana maneno ya kisimani tumeyasikia.

Wote mnamkumbuka yule fundi Mganda aliyetutengenezea mashine ya kukobolea kahawa, akakaa nasi mwezi mzima. Ndiye aliyetualika kwa mama yake, karibu na Masaka. Kabla ya kuondoka baadhi yenu mlituuliza: "Mnakwenda kula kwa watu waliotuchomea nyumba mwaka 1978?" Swali hilo tulikwenda nalo.

Mpakani Mutukula siku hizi kituo ni kimoja. Mihuri yote miwili unagongewa upande ule unaoingia. Atakayekwenda asisahau hati ya kusafiria na kadi ya chanjo ya homa ya manjano. Kutoka hapo hadi Masaka ni kama kilomita 90, lami tupu. Kabla ya Kyotera tukapata pancha, na jeki hatuna! Vijana wa bodaboda wakaliinua gari kwa gogo na mikono yao, malipo wakakataa.

Nyumbani kwa yule mama ni migomba na kahawa, sawa na hapa. Sisi tunasema ebitoke, wao matooke. Sisi amaizi, wao amazzi. Tofauti iko jikoni: sisi tunachemsha ndizi pamoja na maharage, wao wanazifunga kwenye majani ya mgomba, wanazipika kwa mvuke, wanazila na mchuzi wa karanga. Tulikula tukashiba kweli kweli.

Usiku, mzee mmoja kati yetu akaeleza yake. Oktoba 1978, jeshi la Idi Amin lilipoingia Kagera, yeye alikuwa mtoto wa shule. Alikimbia na mama yake. Baba alibaki na ng'ombe, hakuonekana tena. Tangu hapo mzee hakuwahi kuvuka mpaka.

Yule mama akamsikiliza mpaka mwisho. Kisha akasema na yake. Februari 1979 majeshi yetu yalipoiteka Masaka, majumba mengi ya mji yalilipuliwa kwa baruti, kulipiza yale ya Kagera. Duka la kaka yake lilikuwamo. Kaka hakuwa askari, alikuwa muuza vitambaa, na Amin alimwogopa kama sisi tulivyomwogopa.

Ndugu wanachama, kutekwa kwa Kampala tarehe 11 Aprili 1979 tunakujua wote. Habari ya duka lile tulikuwa hatuijui.

Watu wakanyamaza. Mama akaingia ndani, akatoka na kikapu kidogo cha kahawa ya kutafuna. Mzee wetu akachukua punje, akatafuna, akasema, "Hata kwetu ni hivi hivi." Wazee mliopo hapa mnaelewa. Zamani, kwao na kwetu, undugu ulifungwa kwa punje ya kahawa.

Basi jibu la swali lenu ni hili: waliotuchomea nyumba ni jeshi la Amin. Tuliokula kwao ni wakulima, nao walichomewa.

Yule mama ameomba kuja kuuona mto Kagera, na mwanawe atamleta. Mzee amekwisha kusema atalala nyumbani kwake. Tunaomba mkutano huu ukubali tumpokee kama mgeni wa kijiji. Mwenye mkungu alete mkungu, mwenye kuku alete kuku, na asiye na kitu aje amsalimie.



Ni sisi tuliokwenda.