Muuguzi akikosa, anahukumiwa wapi?
Maneno mbele ya vijana wa kartie, Butembo

Wandugu, najua wengine mumefunga biashara mapema.

Wiki hii sura ya muuguzi mmoja ilipita kwenye simu zetu, na chini yake: «Afukuzwe! Anyanganywe diplome!» Mimi niliipokea mara saba. Hakuna hata mumoja aliyeandika huyo mama alikosa nini. Njo maana niliomba tuongee.

Hasira yenu naielewa. Dada yangu alizalia kwenye hospitali moja, jina sitaji. Walimupasua, fakitire ikapanda dola 180, sisi tulikuwa na 70. Wakamuzuia na mutoto siku kumi na moja, kwenye chumba ya wale hawajalipa. Mwenye kuchunga mulango alikuwa muuguzi. Kila nilipopeleka chakula nilimuangalia vibaya, hata salamu sikumupa. Usiku wa kumi na mbili, yeye mwenyewe akafungua mulango wa nyuma, akamuambia dada: «Enda, mama, mutoto ataugua humu.» Asubuhi gestionnaire akamupa demande d'explication. Kisha deni yetu ikakatwa kwenye prime yake, mwezi kwa mwezi. Tulikuja kujua nyuma, tukaanza kumurudishia kidogo kidogo.

Sasa munijibu: pale nani alikosa? Katiba yetu, artikle ya 17, inasema hakuna mutu anaweza kufungwa bila sheria. Fakitire ni deni, inadaiwa kama madeni ingine. Muuguzi aliadhibiwa kwa siku ile alifanya vizuri, na kwa siku zile kumi na moja alichunga mulango hakuna aliyemuuliza kitu.

Na sheria ya kuuliza iko. Tangu tarehe 15 julai 2016 tuko na sheria namba 16/015, iliyounda Ordre des infirmiers. Ni kama ile ya waganga ao ya maavoka: jina lako liandikwe kwanza kwenye tablo, ndipo uko na haki ya kutibu watu. Na ukikosa kwenye kazi, Ordre inaweza kukuita, kukusimamisha, hata kukufuta kwenye tablo. Kwa hiyo swali la kwanza si «ana roho mubaya?» Swali ni: eko kwenye tablo? Munajua vile iko kwetu. Mutu anauza dawa miaka mbili kwenye kibanda, anavaa blouse nyeupe, kesho anatoboa watoto sindano. Huyo hata hatuwezi kumufuta, juu hakuandikwa kamwe! Huyo ni wa parquet.

Mwenye kuandikwa, kuko makosa isiyo na mjadala. Mutu analetwa akivuja damu, unasema «kosyon kwanza», anakufa kwenye banki: kuacha mutu kwenye hatari bila kumusaidia, Code pénal inaadhibu. Kuuzisha chanjo ya watoto ao dawa ya SIDA, vitu vinavyotolewa bure: ni wizi. Kuja kazini umelewa, sina haja ya kueleza.

Lakini kuko moja tunalizoea sana, na linaniuma kuliko zote. Siri. Binti anaenda kupimwa, jioni avenue muzima unajua matokeo. Ndoa inakufa, mwenye nyumba anafukuza, binti anaacha dawa juu anaogopa kuonekana kwenye mustari. Artikle ya 73 ya Code pénal inaadhibu mutu wa afya anayetoa siri ya mugonjwa, na sheria 08/011 ya 14 julai 2008 inalinda wale wanaoishi na VIH. Lakini kwetu watu wanasema tu «huyu mama ana mudomo». Hapana! Si mudomo. Ni kosa linaloweza kumutoa mutu kwenye kazi. Na sisi wenyewe, tukimuuliza muuguzi jirani «yule fulani anaugua nini?», tunamusukuma ndani ya kosa.

Kwa upande mwingine, musimubebeshe mizigo ya Leta. Damu imekosekana kwenye frigo, ganti zimeisha, muuguzi moja usiku kwa wagonjwa arobaini: hiyo si ya kumufuta mutu. Na wengi wao hawana matricule, hawana mushahara, wanaitwa «nouvelles unités» hata kama wana miaka kumi kazini. Wanaishi na prime inayotoka kwenye fakitire zetu. Sasa mwenye kula kwenye fakitire, atafungulia namna gani mwenye hajalipa? Yule mama alifungua, lakini si kila mutu ataweza. Hiyo haitoi kosa, nakubali. Mwenye alidai makuta mbele ya kugusa mama mwenye uchungu, njaa yake haimuoshi. Lakini gestionnaire aliyeandika agizo ya kuzuia wagonjwa na médecin directeur aliyetia sinyatire waitwe pia. Mbona sura zao hazipitagi kwenye simu?

Basi tufanye hivi. Hakuna tena kutuma sura. Mwenye ameteswa aandike: tarehe, saa, salle, jina lililo kwenye blouse, maneno yaliyosemwa, nani alisikia. Muchunge fakitire na reçu, na kama walikataa kutoa reçu, andikeni hivyo pia. Kopi moja kwa Ordre, moja kwa médecin chef de zone, na kama mutu alikufa ao alifungiwa, moja kwa parquet. Mudai accusé de réception kila fasi. Bila ile karatasi watasema hamukufika.

Wawili wenye mulinipigia juzi juu ya mambo ya maternité, mubaki hapa mbele. Niko na kalamu na karatasi.