Mwasumini Mnene Usiotoa Maua

Haya ni mazungumzo ya bibi shamba mmoja na wahitimu wa kisomo katika kijiji cha pwani. Tumeyaandika kama alivyoyasema.

 

Leo sikuja na habari za mahindi wala za mihogo. Nimekuja na habari za mwasumini. Naona wazee wengine wanacheka. Wanasema moyoni, bibi shamba katoka mjini kote huko aje kutufundisha maua! Haya, chekeni, lakini mnisikilize.

Asubuhi nilipita katika nyua zenu. Nilihesabu miasumini 11. Katika hiyo 11, yenye maua ilikuwa 2 tu. Hiyo 9 mingine ni mikubwa, ina majani mazuri ya kijani, na mmoja umepanda mpaka juu ya makuti ya paa. Lakini ukitazama ndani yake huoni hata tumba moja. Ni mti mnene usiotoa kitu. Halafu ikifika harusi, mnapanda gari kwenda mjini kununua vikuba. Mnatoa fedha kununua ua ambalo mti wake mnao mlangoni. Sasa je, hilo ni jambo la kucheka?

Kwanza mjue mti huu ulikotoka. Asili yake ni Bara Hindi na nchi za jirani. Huku kwetu umekaa siku nyingi mpaka umekuwa mwenyeji. Bibi zetu walitunga asumini pamoja na rihani na mkadi wakafanya vikuba. Huko kwingine nako wanauheshimu. Kule Ufilipino ua la asumini lilifanywa kuwa ua la taifa mwaka 1934. Wachina huchanganya maua yake na majani ya chai usiku kucha, chai ikashika harufu, nao huiuza ng'ambo. Kule Madurai, kusini ya India, wapo wakulima ambao zao lao ni asumini. Wanaiuza kwa kupima kwenye mizani kama sisi tunavyouza korosho, na msimu wa harusi bei hupanda sana. Kwa hiyo asumini ni mazao. Asiwadanganye mtu kwamba ni mchezo.

Sasa kwa nini miasumini yenu haitoi?

Sababu ya kwanza ni kivuli. Mingi mmeipanda chini ya mwembe, au nyuma ya nyumba kwenye upande usiopata jua. Mwasumini kivulini hauli jua, unatoa majani tu. Unataka jua saa 6 kwa siku au zaidi. Mahali pazuri ni mashariki ya nyumba, upate jua la asubuhi mpaka adhuhuri.

Sababu ya pili ndiyo kubwa, na hapa nataka mnisikilize kwa makini. Hamkati. Mtu akiambiwa akate matawi ya mwasumini wake huona uchungu, kama anayeambiwa achinje mbuzi mwenye mimba. Lakini ua la asumini hutoka kwenye ncha ya chipukizi jipya. Halitoki kwenye tawi la zamani. Tawi la zamani ukiliacha hurefuka, likarefuka tena, likapanda juu ya paa kutafuta jua, na huko juu likatoa ua moja moja ambalo hulifikii. Ukilikata, chini ya pale ulipokata huchipua matawi mapya mawili au matatu. Kila chipukizi likikomaa lina matumba kwenye ncha, aghalabu 3 au zaidi. Piga hesabu mwenyewe. Tawi 1 ulilokata limekuwa ncha 3. Ncha 3 zimekuwa matumba 9. Kisha ukate tena baada ya kuchuma, hesabu iendelee.

Huu ni mti unaolipa kwa kisu.

Kata lini? Wakati wa kipupwe mti hulala kidogo, maua hupungua. Basi mwezi wa Agosti, kabla joto halijarudi na mvua za vuli hazijaanza, chukua kisu kikali. Usichukue panga butu la kuvunjia kuni, maana tawi lililochanika huingiwa na maradhi. Toa kwanza matawi makavu, na yanayosuguana, na yanayolala chini. Kisha yaliyobaki yakate yabaki kimo cha kiuno chako au chini kidogo. Mti utaonekana kama kichwa kilichonyolewa. Jirani atakucheka. Mwache acheke. Ukimaliza, zungushia shinani karai moja la samadi iliyooza vizuri, isiwe mbichi, maana mbichi huunguza mizizi. Mwagilia maji. Majuma machache baadaye utaona machipukizi kila mahali.

Kuhusu maji, najua ndani ya nyumba kuna ugomvi. Baba anasema, maji ya kisima yanakwenda kwenye maua na mimi sijaoga. Mwasumini uliokwisha shika hauhitaji maji kila siku. Ukiumwagilia kikombe kila jioni unauharibu, maana mizizi inabaki juu juu. Wakati wa kiangazi mpe debe moja mara mbili kwa juma, polepole, yazame. Maji ya kuoshea mchele yanafaa. Maji ya kisima chenye chumvi hayafai, huunguza ncha za majani. Ukiweka majani makavu shinani maji hayakauki upesi. Na usiupande penye dimbwi, mizizi itaoza.

Wengine mmeniuliza habari za gadenia, kile kichaka cha mjini chenye ua jeupe lenye harufu nzito. Asili yake ni Uchina na Japani na nchi za karibu nazo, na waliokipa jina la kitaalamu walikifananisha na asumini. Ni kizuri, sikatai. Lakini kinataka udongo wenye uchachu kidogo. Sisi huku udongo wetu juu ya mawe ya matumbawe una chokaa nyingi, na gadenia ikipandwa humo majani yake hugeuka manjano, mishipa tu ikabaki ya kijani. Anayeitaka aipande kwenye debe lililotobolewa chini, alijaze mboji na udongo mwekundu. Mwasumini nao hauipendi chokaa nyingi, ila ni mvumilivu zaidi. Ukichimba shimo la futi 2, ukalijaza udongo mzuri na samadi, utaendelea.

Sasa kuchuma. Usingoje ua lifunguke. Chuma alasiri, wakati tumba limekuwa jeupe na limejaa. Lililo bado la kijani liache, ukilichuma halitafunguka. Tumba jeupe litafunguka usiku lenyewe, huko huko kwenye kikuba au kwenye nywele za bibi harusi. Ndiyo maana mnunuzi wa mjini anataka matumba, hataki maua yaliyokwisha funguka, maana hayo yakifika asubuhi yamekuwa ya hudhurungi. Yafunge kwenye jani bichi la mgomba au kitambaa chenye unyevu, uyaweke kivulini. Hayakai. Kwa hiyo tafuteni mnunuzi kwanza, ndipo mchume. Mama mmoja peke yake hawezi kumfanya mchuuzi aje mpaka huku kwa kikombe kimoja cha matumba. Akina mama 10 wenye miti 3 kila mmoja, mchuuzi atakuja.

Hapa ndipo kisomo chenu kinapofanya kazi. Kila mmoja awe na daftari. Aandike tarehe, vikombe alivyochuma, vikombe alivyouza, na fedha alizopokea. Msimtegemee mchuuzi awahesabie. Nimeona mahali ambapo mchuuzi ndiye aliyeweka hesabu, na kila mwisho wa mwezi akina mama ndio waliokuwa wanadaiwa.

Sisemi mng'oe mihogo mpande maua. La, hasha. Njaa haitulizwi kwa harufu. Miti 3 kando ya ua wa nyumba inatosha, haichukui nafasi ya chakula.

Kuna jambo la dawa. Mkiona majani yana weusi kama masizi, tazameni chini ya jani. Mtakuta vidukari au vidudu vyeupe vinavyoruka mkitikisa tawi. Utomvu mtamu wanaouacha ndio unaoota ule weusi. Yeyusheni kipande kidogo cha sabuni ya kufulia kwenye ndoo ya maji, mpake chini ya majani kwa kitambaa jioni, na mrudie baada ya siku chache. Lakini ile dawa ya pamba mliyobakiza msiinyunyize kabisa. Ua hili mtu analiweka kwenye nywele, na mwingine kwenye mto wa kulalia, na mtoto analivuta puani.

Mzee mmoja pale nyuma aliniuliza asubuhi, je, si kweli kwamba harufu ya asumini inaita nyoka? Mzee wangu, nyoka haji kwa ajili ya harufu. Anafuata panya na vyura, na hao wanapenda kichaka kilichofungamana mpaka chini. Mwasumini uliopogolewa, chini yake peupe na pamefagiliwa, nyoka atajificha wapi? Naona hiyo ni sababu nyingine ya kukata.

Anayetaka mche mpya asitafute mbegu, mti huu kwetu haujulikani kwa mbegu. Kata kipande cha urefu wa shubiri moja kutoka tawi lisilo changa sana wala gumu sana, chenye vifundo 3 au 4. Ondoa majani ya chini, vifundo 2 viingie ardhini, kwenye mchanga wenye unyevu na kivuli. Wakati wake ni mvua za masika. Baada ya majuma kama 6 vuta kidogo, ukiona kinakataa, kimeshika mizizi. Ukikitunza, huanza kutoa maua baada ya miezi kama 6, lakini mavuno ya kweli ni mwaka wa pili na wa tatu. Na mkate kutoka kwenye mti wenye maua mengi. Ile miwili niliyoiona asubuhi, wenyewe wamekubali.

Basi nimeleta visu 2 na jiwe la kunolea. Tunaanza na ule uliopanda juu ya paa. Nani ana ngazi?