Weka Ushahidi Mapema

Mke aliyepigwa miaka mingi amemuua mumewe. Je, sheria inajali alivyoteswa?

Inajali. Lakini haimwachilii hivi hivi. Atakamatwa, na huenda akashtakiwa kwa mauaji. Korti ikiridhika kwamba alikuwa akijitetea, anaweza kuachiliwa. Ikiona alichokozwa papo hapo, kosa hushuka likawa kuua bila kukusudia. Na mwaka wa 2017, Mahakama ya Juu ya Kenya iliamua kwamba jaji halazimiki kutoa hukumu ya kifo.

Shida ni ushahidi. Jirani alisikia mayowe, akanyamaza. Wazee walimwambia mke huyo, "Vumilia, mama." Ushauri mbaya huo! Leo yuko kizimbani, hana hata karatasi moja.

Kwa hivyo weka ushahidi mapema. Ukipigwa, ripoti polisi, udai nambari ya OB, yaani ya kitabu cha matukio. Nenda hospitali, ujaziwe fomu ya P3. Karatasi hizo mwachie mtu unayemwamini, si chini ya godoro. Sheria ya 2015 ya ulinzi dhidi ya ukatili wa nyumbani pia inakuruhusu kuomba korti amri ya ulinzi, kabla damu haijamwagika.

Ukihitaji msaada, piga 1195, ni bure. Narudia: moja, moja, tisa, tano.