Machozi ya Yatima na Mnyororo wa Mgonjwa

Mada iliyotolewa kwa viongozi wa walei na wa Jumuiya Ndogo Ndogo za Kikristo, Musoma



Jana jioni tulitazama pamoja filamu iitwayo "Everyone's Child", yaani Mtoto wa Watu Wote, iliyotengenezwa Zimbabwe mwaka 1996 na kuongozwa na Tsitsi Dangarembga. Mliona jinsi wazazi walivyofariki kwa UKIMWI na majirani wakajitenga na nyumba ile. Kijana mkubwa alikimbilia mitaa ya Harare. Dada yake, Tamari, akabaki na wadogo zake hadi akaangukia mikononi mwa mwenye duka. Kijiji kilizinduka baada ya mdogo wao kuteketea kwa moto. Wengi wetu tulifuta machozi.

Tulipokuwa tukitoka, mama mmoja aliniuliza: "Mwalimu, tumeona kwamba watoto wale walikosa chakula na ulinzi. Lakini ni nani aliyewauliza mioyo yao inaendeleaje?" Swali hilo ndilo mada yangu ya leo.

1. Tuione hali yetu

Sisi watu wa Mara tunaujua uyatima. Ziwa linatulisha, na ziwa hilo hilo limetunyang'anya wazazi. Tunakumbuka MV Bukoba iliyozama tarehe 21 Mei 1996, na MV Nyerere iliyopinduka karibu na kisiwa cha Ukara tarehe 20 Septemba 2018, ikaua watu zaidi ya 220. Iko pia mitumbwi ambayo dhoruba huizamisha usiku bila redio kutangaza. Tena katika miaka ya 1990 UKIMWI ulifunga milango ya nyumba nyingi.

Matanga yakiisha, wazee hukaa kikao. Hujadili madeni, ng'ombe, shamba na nani atamchukua nani. Hayo ni lazima yajadiliwe. Lakini mtoto mwenyewe huambiwa neno moja tu: "Jikaze, sasa wewe ndiye baba wa nyumba hii."

Nitawasimulia habari ya kijana mmoja bila kumtaja jina wala kijiji. Alifiwa na mama yake akiwa darasa la sita, na baba yake akafuata baada ya miaka miwili. Hakulia, watu wakamsifu kuwa ni mwanamume. Alipofika umri wa miaka 17 akaacha kulala usiku. Akazungumza peke yake, akakataa ugali akidai umetiwa sumu. Ukoo ukasema amerogwa. Ng'ombe wawili wakauzwa kwa ajili ya mganga. Hali ilipozidi, akafungwa mnyororo kwenye mti nyuma ya nyumba. Wakati huo huo baba yake mdogo alikuwa akililima shamba la marehemu, na alipoulizwa alijibu: "Kichaa atalima nini?"

Ndugu zangu, hapo pana dhuluma mbili juu ya kichwa kimoja. Ya kwanza ni kumnyima matibabu. Ya pili ni kuufanya ugonjwa wake kuwa hati ya kumpokonya urithi.

Sisemi kwamba msiba peke yake ndio uliomwugua kijana yule. Wataalamu hutufundisha kwamba magonjwa ya akili yana vyanzo vingi: urithi wa damu, hitilafu katika ubongo, bangi na pombe, pamoja na mizigo mizito ya maisha. Huzuni ya kufiwa si ugonjwa, na watoto wengi hupona wakipata mtu wa kuwasikiliza. Hata hivyo, magonjwa mengi ya akili huanza katika ujana, na huo ndio umri ambao yatima hutwikwa mzigo wa nyumba nzima. Kwa hiyo yeye ahitaji kuangaliwa kwa makini kuliko wengine, wala si kusifiwa kwa sababu halii.

2. Tupime kwa mwanga wa Injili

Mtakatifu Marko, katika sura ya 5, anasimulia habari za mtu aliyekaa makaburini, kando ya ziwa kama hili letu. Watu walikuwa wamejaribu kumfunga kwa minyororo. Yesu alimwuliza jina lake. Watu walipokuja wakamkuta ameketi, amevaa nguo, ana akili zake timamu. Badala ya kufurahi, waliogopa. Na waliposikia habari za nguruwe waliozama, wakamwomba Yesu aondoke katika nchi yao. Tujiulize: je, na sisi hatukupima ng'ombe na shamba, tukaona vina uzito kuliko ndugu yetu? Tena Yesu hakumruhusu mtu yule amfuate. Alimrudisha nyumbani kwa watu wake. Uponyaji haujakamilika mpaka mgonjwa apate mahali pake pa kukaa katika ukoo.

Historia ya nchi yetu nayo inatufundisha. Huko Lutindi, katika milima ya Usambara, wamisionari Waprotestanti kutoka Ujerumani walifungua mwaka 1896 makao ya watoto waliokombolewa utumwani. Miaka michache baadaye makao hayo yakaanza kupokea wagonjwa wa akili, hata yakawa hospitali, mojawapo ya zile za kwanza kabisa za aina hiyo katika Afrika Mashariki. Mlango uliofunguliwa kwa yatima ukawa mlango wa mgonjwa wa akili. Wote wawili ni watu wasio na wa kuwasemea.

Na mzee wetu wa Butiama, Mwalimu Nyerere, alipoandika juu ya Ujamaa mwaka 1962, alieleza kwamba katika jamii yetu ya jadi mtu hakukosa chakula wala heshima kwa sababu tu hana mali yake mwenyewe. Tusijivunie maneno hayo ikiwa nyuma ya nyumba zetu pana mti wenye mnyororo.

3. Sheria inatudai nini

Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inakataza kumnyima mtoto manufaa ya haki kutokana na mali ya mzazi wake. Sheria ya Afya ya Akili ya mwaka 2008 inaweka utaratibu wa matibabu ya wagonjwa wa akili na wa usimamizi wa mali zao. Kuugua hakumfutii mtu umiliki. Anayesimamia mali ya mgonjwa ni mtunzaji, si mrithi.

4. Tutende

Kijana niliyemsimulia alifunguliwa kwa sababu mwenyekiti wa Jumuiya na akina mama wawili walikwenda kwake mara tatu, wakakaa naye, wakawashawishi wazee, kisha wakamsindikiza hospitali. Leo anatengeneza nyavu mwaloni na anakunywa dawa zake kila siku. Akiziacha, ugonjwa hurudi. Jambo hilo tusilifiche. Shamba lake bado halijarudi. Ndiyo maana ninasema nanyi.

Kila Jumuiya na iwe na orodha ya yatima wake, na mtu mmoja wa kumtembelea kila mtoto hata baada ya matanga, hasa siku ya kumbukumbu ya mzazi. Anayebadilika usingizi, chakula au usemi, au anayesema afadhali kufa, asiachwe peke yake. Apelekwe kituo cha afya upesi. Sala tuendelee kusali, lakini sala isimzuie mgonjwa kufika kwa mganga wa hospitali. Na vikao vya mirathi vihudhuriwe na mjumbe wa Haki na Amani.

Maswali ya kujadili katika Jumuiya

1. Ni yatima gani kati yetu ambaye hatujawahi kumsikia akilia? Nani atakwenda kwake wiki hii?
2. Je, katika kijiji chetu yupo mgonjwa aliyefungwa? Shamba lake linalimwa na nani?
3. Wazee wetu wakikataa mgonjwa apelekwe hospitali, tutazungumza nao kwa njia gani bila kuwavunjia heshima?