Hesabu za mfugaji wakati wa ukame

Ukame ulioikumba kaskazini mwa Kenya kuanzia mwishoni mwa mwaka 2020, ambapo mvua zilikosekana kwa misimu 5 mfululizo, ulidhihirisha kwamba watu walio katika dhiki ya muda mrefu huamua kwa hesabu, wala si kwa ukaidi kama inavyodaiwa mara nyingi. Mfugaji wa Marsabit anayesita kuuza ng'ombe mapema hulinda kiini cha kundi, yaani majike watakaolirejesha mvua ikinyesha. Lakini akichelewa, bei ya mnyama aliyekonda huporomoka wakati uleule bei ya unga inapopanda. Ndiyo maana familia nyingi hugawanya mifugo, ng'ombe wakapelekwa malisho ya mbali na mbuzi wachache wakabakizwa kwa ajili ya maziwa ya watoto, huku wenye uwezo wakigeukia ngamia. Bima ya mifugo inayopima hali ya malisho kwa picha za satelaiti, iliyoanza Marsabit mwaka 2010, hufaa zaidi fidia inapofika mifugo ingali hai. Serikali, basi, haina budi kupeleka fedha na wanunuzi mapema, kwa kuwa msaada unaochelewa humkuta mfugaji hana tena la kuamua.