Utambuzi wa Kano za Goti Zilizochanika: Mada kwa Matabibu wa Kibondo na Kasulu



Nimepangiwa kuanza na maana ya jeraha la kano. Nitaipita haraka, kwani sote tuliisoma chuoni. Goti hushikwa na kano kuu nne: mbili za pembeni na mbili mtambuka zinazopishana ndani yake. Yoyote yaweza kuvutika, kuchanika au kukatika kabisa. Nitakaa kwenye kano mtambuka ya mbele, maana ndiyo inayotuponyoka.

Mgonjwa wake tunamjua. Ni kijana aliyegeuka ghafla uwanjani mguu ukiwa umekita chini, au dereva wa bodaboda aliyeanguka kwenye mteremko wa Heru Juu. Alisikia kitu kikilia "pa" gotini, na goti likajaa ndani ya saa chache. Anapigwa eksirei, anaambiwa hajavunjika, anapewa diklofenaki. Nyumbani goti linakandwa na kuchuliwa. Miezi baadaye anarudi: kila akishuka bondeni na mkungu wa ndizi, goti linamtoka.

Sisemi haya kulaumu kituo chochote, na utaratibu wa rufaa nauheshimu. Lakini nimelisema katika vikao vingi na nalisema tena: eksirei huonyesha mfupa, kano haionyeshi. Goti lililojaa damu upesi huku picha ikiwa safi lihesabiwe kuwa na kano iliyokatika mpaka ithibitike vingine.

Picha ya MRI, inayoonyesha kano, iko mbali nasi. Ngazi ya rufaa inapanda hadi hospitali ya mkoa ya Maweni, kisha hospitali ya Bugando au taasisi ya mifupa ya MOI, na wengi hukwama kwa nauli. Mikono tunayo hapa hapa. Kipimo cha Lachman, alichokieleza Joseph Torg na wenzake mwaka 1976 na kukiita kwa jina la John Lachman, kinahitaji kitanda tu. Mlaze mgonjwa chali, kunja goti nyuzi 20 hadi 30, shika paja kwa mkono mmoja, vuta goko mbele kwa mwingine. Goko likija mbele kupita la upande wa pili, bila kugota, shuku kano imekatika. Wengi bado tunakunja nyuzi 90 ndipo tuvute. Jeraha likiwa bichi, misuli ya nyuma ya paja hukaza na kulizuia goko, nasi tunaandika "goti imara". Inaumiza moyo kuyasoma maneno hayo kwenye faili la mtu anayechechemea.

Napendekeza kila goti lililojeruhiwa lipimwe kwa Lachman, tukianza na goti zima la upande wa pili, na matokeo yaandikwe. Maumivu yakizuia, mgonjwa apewe tarehe ya kurudi kati ya siku 7 na 14, apimwe upya. Baada ya ajali ya pikipiki, kupima mapigo ya damu mguuni kutangulie yote: goti lililochomoka laweza kuharibu ateri nyuma yake, na mgonjwa wa namna hiyo apewe rufaa saa ileile. Mazoezi ya misuli ya paja yaanze mapema, yasisubiri MRI. Waganga wakuu wa wilaya wakiingize kipimo hiki katika mafunzo kazini, zahanati za vijijini na kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu zikiwemo. Waunga mifupa nao waitwe, waelezwe wasichue goti lililojaa. Barua ya rufaa itaje kipimo cha Lachman kilionyesha nini.

Na narudia: asiruhusiwe mgonjwa kwa eksirei safi kabla mikono haijalipima goti lake.